Majina ya watoto wa wakimbizi Kasulu na Kibondo

Wahamiaji wengi duniani, wanapompa mtoto jina ugenini, hujiuliza kwanza kama majirani wataweza kulitamka. Kwa Mrundi aliyekimbilia nyanda za juu za Kigoma swali hilo halina uzito. Kirundi na Kiha vinaelewana kwa kiasi kikubwa, Imana ni Mungu pande zote mbili za mpaka, na mapacha huitwa Bukuru na Butoyi huku na huko. Kinachobadilika ugenini ni kazi ya jina.

Kwa desturi ya Burundi, jina la Kirundi ni la mtoto mwenyewe, wala halirithiwi kutoka kwa baba. Linaweza kumshukuru Mungu (Ndayishimiye, Nshimirimana), kuhesabu uzazi (Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane), au kuwajibu majirani wenye husuda. Ntibazonkiza, jina ambalo mashabiki wa Yanga na Simba walilizoea kwa mchezaji Saido, maana yake ni “hawataniokoa”. Msomi Philippe Ntahombaye alichapisha kitabu kizima kuhusu majina ya Burundi mwaka 1983, na haishangazi: ukiyasoma majina ya watoto wa nyumba moja kwa mpangilio, unapata habari za wazazi wao. Pembeni yake hukaa jina la ubatizo, mara nyingi la Kifaransa.

Tanzania imezoea mpangilio mwingine: jina la mtoto, la baba, kisha la babu. Tuseme Ndayishimiye amepata binti na kumwita Irakoze Divine. Kwao Burundi jina la Kirundi hutangulia, na hapo jina limekamilika. Kwenye fomu ya Kitanzania karani atatafuta jina la baba, na binti anaweza kutoka akiwa Divine Ndayishimiye. Shukrani aliyoandikiwa yeye, Irakoze, imepotea njiani, na ile ya baba yake imegeuka kitambulisho cha ukoo. Wazazi wanaolijua hilo huweka maana yote kwenye jina la kwanza: Neema, Baraka, Amani. Haya yanasomeka kotekote, na mtoto anayerudi Burundi hana haja ya kuyabadili.

Wakongo wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, walikuja na historia nyingine. Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru raia wa Zaire waache majina ya Kikristo na kutumia ya asili, kwa hiyo wazee wengi waliokulia enzi hizo wamezoea kuitwa kwa majina ya mababu. Lakini mashariki ya Kongo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na Furaha, Mapendo, Riziki na Bahati walikuwepo kabla ya safari. Ni Mapendo tu linalomsaliti mtoto kidogo, kwa kuwa Mtanzania angetarajia Upendo.

Mwaka huohuo wa 1972 mauaji ya Burundi yaliwavusha Wahutu wengi mpaka. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980, alikuta tofauti kubwa: walioishi katika makazi ya Mishamo waliushika Uhutu wao kwa nguvu, ilhali waliojipenyeza mji wa Kigoma walipendelea kutotambulikana, wengine wakijitambulisha kama Waha. Kwa anayetaka kujificha hivyo, herufi moja yatosha. Ciza wa Burundi akiandikwa Chiza anafanana na Christopher Chiza, aliyekuwa mbunge wa Buyungu na Waziri wa Kilimo.

Kuanzia 2007 maelfu ya wakimbizi wa 1972 walipelekwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Kanembwa ya Kibondo na Mtabila ya Kasulu zikiwamo. Fomu za huko zinadai jina moja la familia, na ndugu wa tumbo moja wenye majina manne tofauti humtatiza mwalimu na daktari. Baadhi ya wazazi wameamua kuwapa watoto waliozaliwa Marekani jina la baba liwe la ukoo. Nyumba moja basi huwa na wakubwa wenye majina yao wenyewe, na wadogo wanaochangia moja.