Elimu Isiyo na Ada

Mwezi wa Aprili mwaka 2001, chuo cha Marekani kijulikanacho kwa herufi MIT kilitangaza jambo lililowashangaza wanachuoni na wafanya biashara sawasawa. Kilisema kwamba maandishi ya masomo yake yatawekwa katika intaneti, na kila atakaye ayasome pasipo kulipa hata senti. Wakati ule vyuo vingine vilikuwa vikitafuta njia ya kuyauza ya kwao.

Maandishi, hata hivyo, hayamsahihishi msomaji anapokosea. Kasoro hiyo ilitafutiwa dawa mwaka 2011, pale Sebastian Thrun na Peter Norvig walipowafungulia walimwengu wote somo lao la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na mazoezi yaliyosahihishwa na kompyuta. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Waliomaliza walikuwa kiasi cha 23,000. Mwaka uliofuata Udacity, Coursera na edX zilianza kazi, na wenye shauku wakatabiri kwamba maskini wa kila bara ataketi bega kwa bega na mwana wa tajiri.

Shahidi wao mkubwa alitoka Mongolia. Mwaka huo wa 2012 MIT ilifundisha somo la saketi za umeme kwa njia hiyo. Walijiandikisha watu karibu 155,000, wakafaulu 7,157. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 15 wa mji wa Ulaanbaatar, aliyepata alama zote katika mtihani wa mwisho, naye baadaye akapokewa MIT. Habari zake zilienea, na ilikuwa haki zienee. Lakini wasimulizi wengi walipita haraka penye jambo moja: mkuu wa shule ya kijana yule alikuwa amehitimu MIT mwenyewe, na rafiki yake msomi alikuja kutoka Marekani na vifaa vya maabara, akafanya majaribio pamoja na wanafunzi. Somo lilikuja kwa intaneti. Walimu walikuwapo mezani.

Pasipokuwa na walimu wa namna hiyo mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2013 chuo kikuu cha San José State, huko California, kilishirikiana na Udacity kufundisha hesabu kwa ada ndogo ya dola 150. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekwisha kushindwa hesabu hapo kabla. Wengine hawakuwa na kompyuta nyumbani. Waliofaulu walikuwa haba kuliko wenzao wa darasani, na mwezi wa Julai mpango ukasimamishwa. Mwaka huo huo uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ulionyesha kwamba, kati ya wanafunzi wake wa Coursera waliojibu maswali, zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa tayari na shahada au stashahada. Yamkini kisima kilikuwa cha watu wote, ila waliochota ni waliofika na ndoo.

Ada nayo ilirudi kwa mlango wa nyuma. Mwisho wa mwaka 2015 edX iliacha kutoa vyeti vya bure, na mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Maandishi yale yaliyoahidiwa mwaka 2001 yangali yakisomwa bure.