Bildad Kaggia: Askari wa Vita Vikuu na Mbunge wa Kandara

Bildad Mwaganu Kaggia alizaliwa Dagoretti, pembeni mwa Nairobi, mwaka 1921. Wazazi wake walitoka Murang'a, wilaya ambayo serikali ya kikoloni iliiita Fort Hall, na huko ndiko alikosomea, katika shule ya misheni ya Kahuhia. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini ada ya kumpeleka Alliance, shule iliyotamaniwa na kila kijana wa Kiafrika wa siku zile, haikupatikana. Akaingia ukarani katika ofisi ya mkuu wa wilaya, Fort Hall.

Mwaka 1940 alijiandikisha jeshini. Waafrika wa Kenya waliovaa magwanda katika Vita Vikuu vya Pili walikaribia laki moja. Baadhi yao, askari wa Keya, walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Wengine walifanya kazi za ukarani, udereva, upishi na uchukuzi wa mizigo. Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati, na vita vilipokaribia kwisha akavushwa hadi Uingereza. Alipanda vyeo hadi usajini, na hapo palikuwa karibu na kikomo, kwa kuwa Mwafrika wa Kenya hakupewa uafisa hata awe na elimu gani. Mishahara nayo ilipangwa kwa rangi.

Safari hizo zilimbadilisha kwa njia mbili. Kule Palestina aliiona Yerusalemu kwa macho yake, mji ambao wamisionari walikuwa wameuhubiri kana kwamba haumo duniani, akaanza kujiuliza ni mangapi mengine aliyofundishwa yalikuwa ya Injili na mangapi yalikuwa desturi za Kizungu tu. Uingereza alikutana na Wazungu waliobeba mizigo, waliofagia barabara na waliomkaribisha nyumbani kwao kama mgeni. Mlowezi wa Kenya, aliyetaka avuliwe kofia, akaanza kuonekana mtu wa ajabu.

Alirudi mwaka 1946. Serikali ilikuwa inaandaa mpango wa kuwapa askari wa Kizungu waliorudi vitani mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliyetoka vitani alirudia kipande chake, kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Watu wengi wamezoea kuieleza siasa ya miaka ya 1950 kuwa ilizaliwa na hasira ya maveterani, na kwa Kaggia maelezo hayo yana ukweli, lakini jambo la kwanza aliloanzisha halikuwa chama. Lilikuwa dini. Alihubiri kwamba Mkristo Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu bila kupitia kwa misheni wala kufuata taratibu zake, na wafuasi wake wakaenea Murang'a na kuvuka mipaka ya Ukikuyu. Watu waliiita Dini ya Kaggia. Haikudumu kwa nguvu ile ya mwanzo, ila ilimfundisha kusimama mbele ya umati na kuusemesha.

Kutoka mimbarini akaingia katika vyama vya wafanyakazi Nairobi, akaongoza chama cha makarani na kufanya kazi bega kwa bega na Fred Kubai na Makhan Singh. Mei 1950 viongozi hao wawili walikamatwa, na mgomo mkubwa ukatikisa jiji. Mwaka uliofuata, watu wa vyama vya wafanyakazi waliliteka tawi la Nairobi la chama cha siasa cha KAU kwa kura: Kubai mwenyekiti, Kaggia katibu, Paul Ngei, askari mwingine wa zamani, msaidizi wake. Viongozi wakuu wa KAU waliendelea kuandika maombi na kutuma wajumbe London. Tawi la Nairobi halikuwa na subira hiyo. Kwa siri, Kaggia alikuwa pia katika kamati iliyosimamia ulaji wa kiapo cha Mau Mau, iliyojulikana kwa jina la Muhimu.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa pamoja na wengine wengi. Sita kati yao, yaani Jomo Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali na reli, mbali na magazeti na mbali na umati. Mawakili wakiongozwa na D. N. Pritt walipambana kwa miezi kadhaa. Tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Rawson Macharia, shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, baadaye alikiri kwamba alisema uongo.

Wengi wao walikitumikia kifungo chao Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, aliondolewa kazi za sulubu akawekwa jikoni kuwapikia wenzake. Huko ndiko ufa ulikotokea. Mwaka 1958 gazeti la Observer la London lilichapisha barua ya wafungwa watano, Kaggia na kiongozi wa msituni Waruhiu Itote wakiwamo, wakilalamikia hali ya gereza. Jina la Kenyatta halikuwamo. Mtu akitaka kuuelewa ugomvi wa Kenyatta na Kaggia uliofikia kilele mwaka 1965, aanzie hapa: watu hawa walikuwa wameshatofautiana wakiwa bado na pingu, muda mrefu kabla ya kuwapo wizara za kugombania.

Aliachiliwa mwaka 1961. Katika uchaguzi wa Mei 1963 wapiga kura wa Kandara, Murang'a, walimpeleka bungeni kwa tiketi ya chama cha KANU, naye akateuliwa kuwa msaidizi wa Waziri wa Elimu. Lakini watu waliomchagua hawakuwa wakimwuliza habari za elimu. Waliuliza habari za ardhi.

Katikati ya miaka ya 1950, maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini au msituni, serikali ilianza kuunganisha vipande vya mashamba ya Wakikuyu na kutoa hatimiliki. Anayepimiwa shamba hupaswa kuwapo siku ya kupima, aonyeshe mpaka na kuleta mashahidi. Asiyekuwapo aliandikiwa na kamati ya machifu na wazee, na kamati hizo zilijaa watu wa upande wa serikali, wakiwamo walinzi waliopigana na wapiganaji wa msituni. Aliyetoka kizuizini alikuta shamba lake la karibu na mto limehamia kwa jirani, na yeye amegawiwa kipande cha mawe mlimani. Udanganyifu wa Fort Hall ulizidi mno, hata kazi ikabidi irudiwe. Juu ya hayo palikuwa na mpango wa kununua karibu ekari milioni moja za walowezi kwa fedha za mkopo na kuwauzia Waafrika, nao walipe kidogo kidogo pamoja na riba. Kaggia alisema wazi kwamba mtu hawezi kuuziwa mali aliyonyang'anywa. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na waliodhulumiwa wakati wa hali ya hatari warudishiwe chao.

Mei 1964 Kenyatta, sasa waziri mkuu, alimwandikia barua ya kumtaka aache kuipinga sera ya serikali aliyomo. Kaggia hakuacha, na Juni mwaka huo akatoka serikalini, akabaki mbunge wa kawaida, akiwa upande mmoja na Oginga Odinga na Pio Gama Pinto. Pinto aliuawa kwa risasi Februari 1965. Miezi miwili baadaye Kenyatta alikuja Kandara kwenyewe na, mbele ya wananchi, akamsuta mbunge wao. Alimtajia mmoja mmoja wenzao wa gerezani: Ngei ana kahawa, Kubai ana nyumba kubwa na shamba, Karumba ana mabasi yake. Kila baada ya jina alimwuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Swali hilo limenukuliwa mara nyingi tangu siku hiyo, na kwa wasomaji wengi limegeuka sifa ya aliyeulizwa. Siku ile lilikuwa na maana nyingine: rais alikuwa akiwaambia watu wa Kandara kwamba asiyeweza kujitajirisha hawezi kuwaletea chochote.

Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, Kaggia alishindwa kupata umakamu wa rais wa chama kwa Mkoa wa Kati, baada ya kura kurudiwa. Alihama pamoja na Odinga kwenda KPU, akawa makamu wa kiongozi wa chama hicho. Bunge lilibadilisha katiba haraka, kila aliyehama akalazimika kurudi kwa wapiga kura. Kwenye uchaguzi mdogo wa Juni 1966 alama ya KPU ilikuwa fahali, ya KANU jogoo. Wagombea wa KPU walinyimwa vibali vya mikutano, na Mkoa wa Kati uliambiwa kwamba chama hicho ni cha Waluo. Kati ya viti 29 KPU ilipata 9. Kandara ilimwangusha Kaggia na kumchagua Taddeo Mwaura.

Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali huru, kwa kuhutubia mkutano usio na kibali huko Nyanza. Kifungo cha mwaka mmoja kilipunguzwa kuwa miezi sita baada ya rufaa. Mwaka 1969, miezi michache kabla KPU haijapigwa marufuku, alirudi KANU. Alipewa uongozi wa bodi ya pamba, lakini kiti cha ubunge hakukipata tena. Mwaka 1975 alichapisha kumbukumbu zake, Roots of Freedom, zinazokoma mwaka 1963. Miaka yake ya baadaye aliishi kwa kipato kidogo, akiendesha mashine ya kusaga unga wa mahindi. Alifariki tarehe 7 Machi 2005. Kati ya wale sita wa Kapenguria alimwacha hai Achieng Oneko peke yake, aliyefariki mwaka 2007.