Tangazo la Ndoa

Zamani katika Karagwe ndoa haikuwa siri ya watu wawili. Wazee wa pande zote waliulizana kwanza ukoo na mwiko, maana watu wa ukoo mmoja hawakuoana. Kanisa nalo likaweka desturi yake: Mtaguso wa Laterano, mwaka 1215, uliamuru ndoa zitangazwe kabla ya kufungwa, na ule wa Trento, mwaka 1563, ukataka zitangazwe mara 3. Serikali yetu ikafuata njia iyo hiyo: kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, wanaotaka kuoana hupeleka taarifa si chini ya siku 21 kabla ya harusi, nayo hutangazwa.

Je, siku hizo ni za nani? Si za bwana na bibi arusi, kwani wao wamekwisha kukata shauri. Ni za mke aliyebaki shambani, Karagwe au Kyerwa, mumewe akiposa kwingine. Sheria humpa haki ya kupinga, ikiwa mali ya mume haitoshi na yeye na watoto wake wataona taabu.

Basi, ndugu, tulisikiapo tangazo tusinyamaze kwa haya. Neno la kabla ya harusi huokoa nyumba; la baadaye ni kilio tu.