Tiba ya seli kwa saratani ya watoto na safari ndefu ya mtafiti

SARATANI ya damu huwapata watoto wengi duniani kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa miongo mingi imetibiwa kwa tibakemikali, mionzi na kupandikizwa uboho. Mnamo Agosti 2017, Marekani iliidhinisha njia nyingine: seli za kinga za mgonjwa mwenyewe hutolewa mwilini, hubadilishwa maabarani, kisha hurudishwa ili ziiwinde saratani.

Kwanza damu ya mtoto hupitishwa katika mashine inayochuja seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili. Kirusi kilichoondolewa makali hutumiwa kupenyeza jeni mpya ndani ya seli hizo. Jeni hiyo huzipa kipokezi kinachotambua alama iitwayo CD19, ambayo hupatikana juu ya seli B za saratani. Seli huzalishwa hadi zifike mamilioni, kisha mtoto hutiwa kupitia mshipa.

Matunda hayo yalichukua miaka mingi kuiva. Mnamo 1989 Zelig Eshhar na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kuwa seli T zinaweza kupewa kipokezi cha kutengenezwa. Carl June, aliyewahi kuwa daktari katika jeshi la majini la Marekani, alitafiti Ukimwi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mnamo 1999. Mnamo 2012 kikundi chake na madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walimtibu msichana wa miaka 6 ambaye tibakemikali ilikuwa imeshindwa kumponya. Kinga yake iliwaka kupita kiasi akawa mahututi. Aliokolewa kwa dawa ya baridi yabisi, ambayo June aliifahamu kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na maradhi hayo.

Afrika Mashariki nayo ina historia katika nyanja hii. Mnamo 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowaua watoto. Baadaye alizunguka kwa gari katika nchi nyingi za Afrika na kubaini kuwa uvimbe huo ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Jijini Nairobi, Peter Clifford alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutibu kwa dawa, mapema miaka ya 1960. Saratani hiyo pia hutokana na seli B.

Kijana wa Meru au Embu anayetamani taaluma hii anaweza kuanzia nyumbani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati ya kujitegemea mnamo 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mnamo 2016. Baada ya shahada ya kwanza ya udaktari au sayansi ya viumbe huja uzamili, uzamifu na miaka kadhaa ya utafiti chini ya mtaalamu, ndipo mtu aongoze maabara yake.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Tiba ya kwanza kuidhinishwa ilitangazwa kwa bei ya dola 475,000 za Marekani. India ilionyesha njia mnamo 2023, ilipoidhinisha tiba iliyobuniwa nchini humo kwa takriban sehemu ya kumi ya bei hiyo, ingawa si kwa watoto wadogo.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona katika nchi tajiri, ilhali katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Pengo hilo halitokani na ukosefu wa tiba ya seli, bali na kuchelewa kutambuliwa kwa ugonjwa na matibabu kukatizwa njiani. Homa isiyokwisha, kupauka, michubuko isiyo na sababu, uvimbe, au jicho linalong'aa kama la paka ni dalili za kumfikisha mtoto hospitalini mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.