Fahamu Aloi Laini za Sumaku na Matumizi Yake katika Joto Kali

Masoko, Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, inafahamika kwa ziwa lake lililotokana na mlipuko wa volkano. Katika ukanda huo zipo pia chemchemi za maji moto za Kilambo, Kajala na Mampulo, ndani ya eneo la mradi wa jotoardhi wa Kiejo-Mbaka unaoendelezwa na Serikali kupitia Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC), kampuni tanzu ya TANESCO.

Umeme wa jotoardhi huhitaji mitambo inayostahimili joto, zikiwamo pampu zinazozamishwa visimani. Mota, jenereta na transfoma nyingi zina kiini cha aloi laini ya sumaku. Neno “laini” halihusu ugumu wa chuma. Maana yake ni kwamba aloi hiyo hupata usumaku na kuupoteza kwa urahisi. Umeme wa gridi hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo kiini kisichogeuka kwa wepesi hupoteza nishati na kuchemka.

Mwaka 1895 mwanasayansi wa Ufaransa, Pierre Curie, alionesha kuwa kila sumaku ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia hupoteza nguvu yake. Kwa nikeli ni takribani nyuzijoto 358 za Selsiasi, chuma 770 na kobalti takribani 1,120. Mawe ya volkano ya Rungwe hufuata kanuni hiyo hiyo: lava ilipopoa, chembe zake za magnetiti zilianza kushika mwelekeo wa usumaku wa dunia.

Kwa hiyo mbunifu wa aloi huanza kwa kuuliza kifaa kitafanya kazi katika joto gani. Aloi zenye nikeli nyingi hugeuka kwa wepesi mkubwa, lakini hudhoofu mapema joto linapopanda. Chuma chenye silikoni ya takribani asilimia 3 ni cha bei nafuu na hutosha kwa transfoma za kawaida. Hata katika visima vya jotoardhi, mara nyingi kinachoanza kuharibika si chuma bali vihami vya nyaya.

Kwa joto la mamia ya nyuzi, kama katika jenereta za ndege, hutumika aloi ya chuma na kobalti kwa viwango vinavyokaribiana, pamoja na vanadiamu ya takribani asilimia 2 ili iweze kukunjuliwa kuwa mabati membamba. Mabati hayo hutenganishwa kwa vihami ili kupunguza mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya kiini. Kikwazo chake ni bei ya kobalti.

Kobalti hiyo, pamoja na nikeli na shaba, imo katika mashapo ya Kabanga, Wilaya ya Ngara mkoani Kagera. Kwa makubaliano ya Januari 2021, Serikali ina hisa za asilimia 16 katika Kampuni ya Tembo Nickel inayoendeleza mradi huo. Kuyasafisha madini hayo nchini kutaiwezesha Tanzania kuuza metali yenye thamani kubwa zaidi badala ya madini ghafi.