Friji kwa betri ya gari: wazo la zamani kuliko unavyodhani

Stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu Kenya nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, swali la kwanza ni simu itachajiwa wapi. Baada ya saa chache linakuja la pili: je, friji? Hapo ndipo mtu anapoliangalia gari lililoegeshwa nje na kujiuliza kwa nini betri ile isiisukume friji hadi asubuhi. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini kwetu mtu wa kompyuta huhesabiwa kuwa mtu wa kila kitu chenye waya, kwa hiyo swali hili nimeulizwa mara nyingi. Nilipolifuatilia nikakuta kwamba friji ya betri iliuzwa madukani karibu miaka mia moja iliyopita. Kisha ikatoweka, na kilichoiondoa ndicho kinachotusumbua hadi leo.

Tuanze na betri. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi mwaka 1859, lakini magari ya kwanza hayakuihitaji ili kuwaka. Yalizungushwa kwa hendeli, na injini ikirudi nyuma ghafla ilivunja mkono wa dereva. Mwaka 1912 Cadillac ikatoa gari lenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kabla ya hapo Kettering alikuwa ameweka mota ya umeme kwenye rejista za pesa za kampuni ya NCR, na huko alijifunza hila moja nzuri: mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu unaweza kuilazimisha kutoa nguvu kupita umbo lake, kwa kuwa haipati muda wa kuungua.

Betri ya gari imeundwa kwa hila hiyo hiyo. Ndani ina sahani nyingi nyembamba ili iteme mamia ya ampea kwa sekunde mbili tatu, halafu injini ijaze upya kilichotoka. Ukiitumia polepole hadi ikauke, na kurudia hivyo mara kadhaa, sahani hushikwa na ganda gumu na betri imekufa. Ni mkimbiaji wa mita 100, nasi tunamtuma akakimbie marathoni.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe. Mwaka 1916 Kettering huyo huyo alileta mtambo wa Delco-Light kwa ajili ya mashamba ya Marekani ambayo hayakuwa na stima: injini ndogo, jenereta, na betri 16 za chupa za kioo, jumla volti 32. Kampuni ya General Motors ikanunua Frigidaire mwaka 1919, na mwaka 1921 kazi ya friji ikahamishiwa Dayton chini ya Delco-Light. Unaona inakoelekea. Mkulima aliyekuwa na mtambo wa volti 32 aliweza kununua friji ya volti 32. Mota ilikaa nje ya kompresa na kuizungusha kwa mkanda, kama kinu cha kusaga unga. Ilikuwa mota ya DC, yaani ya mkondo unaoelekea upande mmoja, ndio mkondo wa betri. Hapakuwa na inverta, wala sababu ya kuwa nayo.

Kwa nini basi ikatoweka? Jibu ni vipande vidogo vyeusi vya kaboni. Mota ya DC ya wakati ule ilihitaji brashi, zile ambazo fundi hukubadilishia kwenye drili ikianza kutoa cheche. Brashi huisha na kumwaga vumbi. Friji za mkanda nazo zilivuja gesi pale mhimili unapoingia kwenye kompresa, na gesi ya wengi wakati ule ilikuwa salfa dioksidi, ambayo hutaki kuivuta ukiwa usingizini. Mwaka 1927 General Electric ikatoa friji ya Monitor Top, ambayo mota na kompresa vyote vilifungiwa ndani ya kopo moja la chuma. Humo ndani huwezi kuweka brashi, maana nani atafungua kubadilisha? Kwa hiyo ikatumika mota isiyo na brashi, inayotaka mkondo wa AC wa gridi. Serikali ya Marekani ilipoanza kusambaza stima mashambani mwaka 1935, wakati takriban shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme, hatima ya friji ya betri ikawa imeamuliwa.

Friji yako ya nyumbani ni mjukuu wa kopo lile. Imeandikwa, kama ningesema kwa lugha ya kazi yangu, na mtu aliyeamini kwamba kumbukumbu ya kompyuta haiishi kamwe. Chukua friji ya wati 120. Mota yake ikianza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya hizo, tuseme wati 720 kwa nukta ya sekunde. Kwenye betri ya volti 12 hizo ni ampea 60 kabla ya hasara ya inverta. Ndiyo maana inverta ya bei nafuu hulia na kuzima.

Tuseme inverta yako ni kubwa na imevumilia. Betri ya ampea-saa 60 ina wati-saa 720. Nusu usiiguse, na hasara ya inverta ikitoka unabaki na kama 300. Friji inayokula uniti 1.2 kwa siku huvuta wastani wa wati 50, kwa hiyo umepata saa sita, na asubuhi gari halitawaka vizuri. Shangazi yangu ana kisukari, na insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Saa sita si mpango wa kumpa shangazi.

Kilichofungua mlango tena ni elektroniki. Transista ziliweza kufanya kazi ya brashi bila kugusana na chochote, na kampuni ya Danfoss ya Denmaki ikaunda kompresa ndogo kama BD35, inayokula volti 12 au 24 moja kwa moja. Huanza taratibu, na betri ya volti 12 ikishuka hadi 10.4 hujizima yenyewe. Hizo ndizo zilizo kwenye friji nyingi za malori na za sola.

Mwaka 2005 Mwaustralia mmoja alichukua friza, ile ya mfuniko juu, akaifunga kidhibiti joto ili iishie kwenye nyuzi za friji. Ikatumia kama uniti 0.1 kwa siku, kwa sababu kuta zake ni nene na hewa baridi haimwagiki unapofungua. Kwa zile wati-saa 300 hizo ni siku tatu, mradi inverta isiwe inakula zake hata kompresa ikiwa imepumzika.

Zahanati zilipitia njia ndefu zaidi. Baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango wa chanjo mwaka 1974, friji za mafuta ya taa zilibeba mzigo mkubwa, na moshi na utambi wake. Zikaja za sola zenye betri, na mara nyingi betri ndiyo iliyokufa kwanza. Kisha mradi wa SolarChill, ulioanza miaka ya 2000 ukiwa na UNICEF na Greenpeace ndani yake, ukaiondoa betri kabisa: jua hugandisha barafu mchana, na barafu huweka chanjo baridi usiku, hata siku kadhaa za mawingu. Humo hakuna betri ya kufa, wala ya kuchomolewa jioni ikawashe televisheni ya mtu.