Bibi wa Mbozi mwenye majina matatu

Kwenye misiba yetu huku Mpemba, wasifu wa bibi ni hesabu: ameacha watoto kadhaa, wajukuu, vitukuu, vilembwe. Kwao hasa ni wapi? Hapo msomaji hupita haraka haraka.

Sasa mchukue Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Ndiyo, ni mtu mmoja. Alizaliwa upande ambao leo ni Zambia, akatekwa akiwa mtoto enzi za biashara ya watumwa, akapita mikononi mwa watu mbalimbali, mwisho akafika kwa Wanyiha wa Mbozi, ambako Wamoravian walifungua misheni mwaka 1899. Maisha yake yaliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kijerumani. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayatoa kwa Kiingereza, pamoja na ya akina mama wengine wa ukanda huu.

Mwanamke aliyetekwa hakuwa na kaka wala mjomba wa kumdai. Aliyemwoa hakuwa na wakwe wa kuwalipa mahari, na watoto walihesabiwa kwa baba peke yake. Kwa hiyo tukiona ukoo umenyooka upande mmoja tu, mimi naona hapo kuna bibi aliyefichwa.

Kutoka Mpemba hadi mpakani Tunduma si mbali. Mpaka wenyewe Wajerumani na Waingereza waliukubaliana mwaka 1890, wakati Chisi alikuwa ameshaondolewa kwao.